Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kwanza una doa la mafuta ya cherehani.
Novemba, sabini na nane. Ausi Mbonde, koplo.
Kiuno ishirini na nane.
Paja sikuandika, halikuwepo.
Jeshini walimpa suruali ya mtu mwingine,
pana kama gunia la mkaa,
akaja nayo Keko usiku, nikiwa nazima chemli.
"Fundi, nipunguzie. Nisiende kufa nimevaa hema."
Nikapunguza. Lori lilikuwa linanguruma nje.
Hakunilipa.

Ukurasa wa nne. Themanini, mwezi umefutika.
Mguu wa kulia, arobaini na moja.
Wa kushoto, thelathini na tisa.
Nikapima tena.
"Inchi mbili nimeziacha kule," akasema,
"usizitafute kwenye futi."

Siku hiyo ndipo alipotaka mfuko wa ndani,
upande wa moyo, kina cha vidole vitatu,
usioonekana.
Wa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule:
majina kumi na moja
ya waliovuka Kagera naye
wasivuke kurudi.

Kisha miaka ya sare ya mlinzi, ghala la Kurasini,
viraka magotini, rungu, kitambulisho cha pini.
Nusu ya mshahara ilipanda mabasi kwenda kwa wajane:
Newala, Sengerema, Kilosa,
na huku suruali yake naitia kiraka juu ya kiraka.

Tisini na tano alisimama juu ya kigoda changu,
pini mabegani, akijaribu maneno:
"Wanasema nachechemea. Kweli.
Lakini mguu huu haujui kurudi nyuma."
Nikamwambia asitikisike, nitamchoma.
Wiki moja baadaye mtaa mzima unayasema,
na mimi nimeyasikia yakiwa bado na nyuzi.

Karimjee, hotuba ya kwanza. Nilikuwa napiga pasi,
redio juu ya rafu ya vifungo.
Alidai mafao ya wajane, sauti ikakwama,
kisha nikasikia karatasi ikikunjuliwa,
nikajua imetoka wapi.
Mhoja. Nangomwa. Kitwana Sefu. Barongo.
Kengele.
"Mheshimiwa, muda wako umekwisha."
Pasi ikaacha alama kwenye gauni la watu.

Sitasema hakufanya kitu.
Mtaro wa kwetu ni wake, mpaka pale unapokatikia.
Wajane watatu walilipwa, mmoja akiwa keshazikwa.
Lakini kiuno: thelathini na sita. Arobaini.
Arobaini na nne, na kitambaa sasa kinatoka Dubai,
kinaletwa na kijana mwenye miwani
asiyezima injini.
Siku aliyokuja mwenyewe alitaka mifuko ya simu mbili.
"Na ule wa ndani?"
"Upi?"

Fundi hugombana na kitambaa, hagombani na mteja.
Niliushona hata hivyo.
Na kwa kuwa koti lake la zamani lilikuwa kwangu
likingoja bitana,
nikahamisha kilichokuwamo.

Vipindi vitatu. Cha nne kikaishia kwenye kura za maoni,
kura kumi na tisa, wengine wanasema bahasha.
Juzi bajaji ilimshusha peke yake,
koti linamning'inia kama limetundikwa msumarini.
"Fundi, nipunguzie."
Nikalishika kifuani nitie pini, likalia: chwaa.
Akaingiza vidole vitatu.

Dobi amekula wino. Majina saba yanasomeka.
La nane alilikumbuka kwa kikohozi,
la tisa kwa deni la sigara.
La kumi na la kumi na moja
tulikaa nayo mpaka muadhini akaita,
yeye kafumba macho, mimi nimeshika chaki,
kijana wangu anauliza tufunge au tusifunge.
Hayakuja.
Akaomba kalamu, akaacha mistari miwili mitupu,
akaikunja karatasi ilivyozoea kukunjwa.

Ukurasa wa hamsini na mbili.
Kiuno thelathini na moja.
Miguu kama zamani.
Mfuko wa ndani: uimarishwe.
Analipa Ijumaa.